Kiti cha Noah kikianza kulia: tafuta chanzo kabla ya kutia mafuta

Leo tunaacha kidogo mbolea na dawa, tunaingia ndani ya gari. Wengi wenu mnapeleka tungule, matango na pilipili boga soko la Mwanakwerekwe kwa Noah au Townace. Viti vya nyuma mnavilaza: mkibeba mzigo ni pahala pa kreti, mkifika usiku ni kitanda cha kusubiria mnada wa alfajiri. Siku ya pili familia inapanda viti hivyo hivyo. Kiti kinachokunjwa na kukunjuliwa kila siku hulegea, na kikilegea kinaanza kelele.

Kelele ile ni sawa na jani la manjano shambani. Ni dalili, sio ugonjwa wenyewe. Ukiongeza sauti ya redio au ukimwaga oili chakavu, unaficha dalili tu. Komeo la kiti lisiloshika sawasawa linaweza kufunguka ukifunga breki ghafla, na aliyekaa juu yake ni mama yako au mtoto wako. Mzigo nao unaumia, maana mtikisiko huchubua tungule, hasa zilizo kwenye kreti za juu. Ukifika mnadani na tungule zilizochubuka, unajua mwenyewe bei inavyoshuka.

1. Sikiliza

Kelele ziko aina mbili. Kiti *kikilia*, kuna chuma kinasuguana na chuma au plastiki. Kiti *kikigonga*, kuna kitu kina nafasi ya kucheza.

Toa kila kitu kwanza: jeki, spana, chupa, mapolo matupu. Funga mikanda yote, kwani mara nyingi kinachogonga ni kichwa cha mkanda kinapiga plastiki ya ubavuni. Kisha mwenzako aendeshe polepole njia ya mawe, wewe kaa nyuma ukiwa umefunga mkanda. Bonyeza kwa mkono kipande kimoja kimoja: mgongo wa kiti, bawaba, komeo, reli. Pale ukibonyeza na kelele ikakata, hapo ndipo. Pawekee alama ya chaki.

2. Safisha

Gari zetu zina maadui watatu: mchanga, chumvi ya bahari na mbolea. Mbolea ya chumvichumvi kama urea ikivuja huvuta unyevu, na chuma kinaliwa na kutu. Piga brashi reli na makomeo, toa mchanga wote, futa kwa kitambaa kibichi, kausha. Kutia grisi juu ya mchanga ni kutengeneza msasa.

3. Kaza

Pitia boliti za miguu ya kiti na za mikanda. Iliyolegea ikaze kwa nguvu inayotakiwa na watengenezaji wa gari. Kama hukijui kipimo, fundi mwenye spana ya kupimia nguvu akusaidie. Iliyopotea usiibadilishe kwa boliti ya kujengea banda la kuku. Boliti ya kiti ni ngumu kuliko ile, kwa hivyo tafuta ya gari yenye ugumu ule ule.

4. Sasa ndio mafuta

Kwenye bawaba na reli za chuma, tia grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo tu, kisha kunja na kukunjua kiti mara kumi ienee. Ile dawa ya kupuliza ya kulainisha kutu inafungua kilichokwama, lakini haikai muda mrefu. Baada yake bado unahitaji grisi. Kwenye plastiki na mpira tumia silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida inaweza kuvimbisha mpira. Mafuta ya kupikia usiyatumie, yanaganda na kukusanya vumbi.

5. Ziba nafasi

Plastiki inayopiga chuma, weka kipande chembamba cha tyubu ya tairi katikati. Pale komeo linapokamata chuma cha sakafuni, kuwa na hadhari. Ukizungushia tepu nene, kelele itaisha lakini komeo halitaingia mpaka mwisho. Baada ya kazi yoyote, funga kiti, kisha kivute kwa nguvu mbele na nyuma. Kikitoka, au kikicheza sana, asikae mtu.

6. Hapa acha, nenda kwa fundi

Ukiona ufa kwenye fremu, meno ya komeo yameliwa, au sakafu imeoza kwa kutu pale boliti zinaposhika, hiyo si kazi ya grisi wala tyubu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Usipange kreti moja kwa moja juu ya kiti kilicholazwa. Weka ubao wa plaiwudi na mkeka juu yake, uzito usambae, kisha funga mzigo kwa kamba. Mbolea ipande ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Kila mwezi, siku unayosafisha bomba la dawa, piga brashi na reli za viti.

Bomba la dawa mnalitunza kwa sababu mnajua ni mtaji. Na gari inayoufikisha mzigo Mwanakwerekwe ni mtaji vile vile.