Mabamba ya kusawazisha boti: Hufaa kwenda, huponza kurudi

BOTI ndogo ya mashine ikiondoka Liwatoni, ukingoni mwa mtaa wa Ganjoni mjini Mombasa, hupita kivuko cha Likoni na kufika Ras Serani kwa utulivu. Ikitoka nje ya mlango wa Kilindini wakati wa kusi, mambo hubadilika. Omo hupanda na kuyagonga maji kwa kishindo, na abiria wakalowa chapachapa.

Hapo ndipo mwenye boti ya kisasa hukumbuka vitufe viwili vilivyo karibu na usukani, ambavyo pengine hajawahi kuelezwa kazi yake.

Vitufe hivyo huendesha mabamba ya kusawazisha boti. Haya ni mabamba mawili ya chuma kisichoshika kutu, moja upande wa kulia na jingine upande wa kushoto, yaliyofungwa kwa bawaba nyuma ya tezi, karibu na chini ya chombo. Hupandishwa na kuteremshwa kwa pampu ya mafuta au kwa mota ya umeme.

Boti inapokwenda kasi, maji yanayopita chini yake hukutana na bamba lililoteremshwa na kulisukuma juu. Tezi huinuka, na omo ikainama mfano wa ubao wa pembea. Bamba moja likiteremshwa peke yake, huinua ubavu wa upande wake na kuushusha ule wa pili. Ifahamike kuwa pasipo kasi mabamba hayana nguvu yoyote.

Elimu ya kusawazisha chombo si ngeni katika pwani yetu. Manahodha wa majahazi yaliyokuwa yakitia nanga Bandari ya Kale walitumia farumi na mpango mzuri wa shehena. Naye mvuvi wa ngalawa hutegemea matengo yake mawili. Mabamba yameleta wepesi tu: nahodha husawazisha chombo kikiwa mwendoni, bila kuhamisha mtu wala mzigo.

Hata hivyo, kazi ya kwanza ni kupanga uzito kabla ya kung'oa nanga. Mabamba hayakuundwa kufidia boti iliyojazwa kupita kiasi. Wakazi wa eneo hili hawajasahau Aprili 29, 1994, wakati feri ya Mtongwe iliyokuwa imejaa kupindukia ilipopinduka katika maji haya haya ya Kilindini na watu 272 wakapoteza maisha.

Jambo la pili ni kuvijua vitufe vyenyewe. Katika boti nyingi, maandishi yaliyo juu ya kitufe hutaja upande wa omo utakaoshuka, wala si bamba litakaloteremka. Kwa hivyo, kitufe cha kushoto huteremsha bamba la kulia. Mwanafunzi asiyejua hili hubonyeza, akaona boti inazidi kulala, naye akazidi kubonyeza. Njia bora ya kujifunza ni kuifunga boti gatini, mtu mmoja abonyeze na mwenzake atazame tezi.

Mazoezi yafanywe siku ya maleleji, bahari ikiwa shwari, mbali na njia ya feri na meli kubwa. Wakati wa kuondoka, mashine ivutwe karibu na tezi na mabamba yateremshwe hadi nusu, kisha kasi iongezwe. Omo haitapanda sana, na boti itawahi kuinuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima.

Ikishainuka, pandisha mabamba kidogo kidogo. Ukiona mwendo unaongezeka bila kuongeza nguvu ya mashine, na usukani umekuwa mwepesi, jua kwamba umepata kipimo. Mabamba yaliyoachwa chini bila sababu huwa kama breki, hupunguza mwendo na kula mafuta.

Kosa la wanagenzi wengi ni kushikilia kitufe. Boti huchelewa kuitikia. Bonyeza kwa muda mfupi sana, subiri sekunde chache, kisha uamue kama panahitajika kingine. Mwenda pole hajikwai.

Upepo wa ubavuni nao una hila yake. Nahodha hulazimika kuelekeza usukani upande unakotoka upepo ili asitoke njiani, na boti ikalala upande huo huo. Dawa yake ni kuteremsha kidogo bamba la upande uliolala.

Ukikabili mawimbi uso kwa uso, teremsha mabamba yote mawili kiasi. Omo ikiinama, sehemu yake iliyochongoka huyakata maji badala ya kupigwapigwa nayo. Hivi ndivyo ilivyo wakati wa kutoka Kilindini katika msimu wa kusi.

Hatari iko wakati wa kurudi. Mlango wa Kilindini umeelekea kusini-mashariki, na mawimbi ya kusi huingia yakimfuata nahodha mgongoni. Ikiwa amesahau mabamba chini, wimbi huinua tezi na omo iliyokwisha kuinama ikachimba maji ya mbele. Boti hukwama kwa omo huku tezi ikisukumwa, ikageuka ubavu ghafla na inaweza kupinduka. Hali huwa mbaya zaidi maji yanapokupwa, kwa kuwa mkondo unaotoka hukutana na mawimbi yanayoingia na kuyafanya kuwa mafupi na ya wima.

Kwa hivyo, kabla ya kugeuza omo kuelekea nyumbani, pandisha mabamba yote hadi mwisho. Kisha punguza kasi, ubaki nyuma ya wimbi lililokutangulia bila kulipita. Vilevile, yapandishe kabla ya kurudi kinyumenyume, maana maji yanaweza kuyapinda.

Mabamba huhitaji matunzo. Wazee walikwangua vyombo na kuvipaka deheni. Nawe kwangua viumbe vinavyong'ang'ania kwenye bawaba, na ubadilishe kipande cha zinki kinachokinga chuma kikiwa kimelika. Bamba moja likikwama chini, boti italala upande mmoja kila mwendo unapoongezeka.

Aidha, hakuna kitufe kinachochukua nafasi ya jaketi za kuokolea maisha wala ukaguzi wa chombo unaosimamiwa na Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya (KMA). Nahodha aliyesawazisha boti yake vyema wakati wa kutoka amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukumbuka kuyapandisha mabamba kabla ya kurejea.