Simtanki zinavyopima chembe zitokazo anga za mbali

MKAZI wa Sinza akinyoosha kiganja, awe chumbani au barazani, hupenywa na chembe moja au mbili kila sekunde pasipo kuhisi lolote. Bati halizizuii, wala zege.

Chembe hizo, ziitwazo myuoni, ni masalia ya mionzi ya kosmiki: viini vya atomu, vingi vikiwa protoni, vinavyogonga hewa juu kabisa ya dunia. Mwanasayansi wa Austria, Victor Hess, aliigundua mionzi hiyo mwaka 1912 akiwa katika puto, zaidi ya mita 5,000 angani.

Ugumu wa kuipima ni kwamba chembe ya awali haifiki ardhini. Humeguka na kuzaa mvua ya chembe nyingine, hivyo wapimaji huhesabu matone ili walijue wingu.

Nchini Argentina, Kituo cha Pierre Auger kimetandaza matangi ya plastiki zaidi ya 1,600, ndugu wa simtanki zilizozagaa Dar es Salaam. Kila moja lina lita 12,000 za maji safi, na yote yameenea kilomita za mraba 3,000, karibu mara mbili ya mkoa huu. Chembe ikipita majini kwa kasi inayoushinda mwanga uliomo humo, hutoa mmweko. Jumla ya mimweko ndiyo inayofichua nishati, na darubini zinazotazama hewa iking'aa usiku wa giza husahihisha hesabu.

Mwaka 1991, huko Utah, Marekani, ilinaswa chembe moja yenye nishati ya juli 50 hivi, inayotosha kuinua mfuko wa sembe wa kilo 5 kwa mita moja. Hiyo ni chembe isiyofikia hata ukubwa wa atomu!

Tungamo ni gumu zaidi kupima. Kiini cha chuma humeguka mapema, juu zaidi kuliko protoni yenye nishati ileile, na huleta myuoni nyingi zaidi ardhini. Tofauti hiyo huonekana katika wastani wa mvua nyingi; kwa mvua moja, hakuna awezaye kuapa.

Afrika Mashariki nayo imo. Kituo cha Italia kilichoko Malindi, Kenya, kilipokea taarifa za satelaiti AGILE tangu 2007 hadi 2024. Mwaka 2011, mionzi ya gama iliyonaswa na satelaiti hiyo kutoka W44, mabaki ya nyota iliyolipuka, ilionyesha dalili kwamba protoni husukumwa humo, wala si elektroni pekee. Satelaiti ya Fermi ya Marekani ilithibitisha jambo hilo mwaka 2013.