Jiwe, Shaba na Neno: Lugha ya Kumbukumbu za Askari wa King's African Rifles, kutoka Gondokoro hadi Ngome ya Yesu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya kumbukumbu za kikosi cha King's African Rifles (KAR) katika Afrika Mashariki na uhusiano wake na bonde la Nile ya Juu. Hoja kuu ni kwamba sanamu zilihifadhi sura ya askari, lakini lugha ndiyo iliyohifadhi habari za wale ambao sanamu haikuwataja majina.

1.0 Utangulizi

Gumbo iko ng'ambo ya mashariki ya Nile, mkabala na Juba, penye barabara iendayo Nimule na mpaka wa Uganda. Kiswahili husikika hapo miongoni mwa madereva, wafanyabiashara na watu waliorejea kutoka uhamishoni Kenya na Uganda. Wengi hukidhania kuwa mgeni wa jana. Hata hivyo, uhusiano wa eneo hili na pwani ni wa zamani, nao ulipitia katika kambi za jeshi.

2.0 Chimbuko la kikosi

Mwaka 1871 Samuel Baker aliitwaa Gondokoro, kaskazini mwa Gumbo, kwa niaba ya mtawala wa Misri, akaipa jina la Ismailia. Baadaye Emin Pasha alilitawala jimbo la Ekwatoria akitegemea askari waliokusanywa kutoka makabila mengi ya nchi ambayo leo ni Sudan Kusini na jirani zake. Vita vya Mahdi vilipowakatia njia ya kaskazini, Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889, lakini askari wengi wakabaki magharibi mwa Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Huko ndiko Lugard alikowakuta mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa kampuni ya Kiingereza nchini Uganda.

Askari hao na wazao wao walikuwa sehemu ya Uganda Rifles. Tarehe 1 Januari 1902 kikosi hicho kiliunganishwa na vingine kuunda KAR. Upande wa Wajerumani nako, Wissmann alikuwa amewaandikisha Wasudani huko Cairo mwaka 1889. Kwa hiyo vita vya 1914 vilipozuka, askari wenye asili ya bonde la Nile waliweza kukutana wakiwa chini ya bendera mbili zinazopigana.

3.0 Ngome na sanamu

Mjini Mombasa kumbukumbu za vita hivyo zimegawanyika mahali pawili. Katika Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, umewekwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, nayo ikaangamia katika mto Rufiji Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za mamia ya Waafrika. Mzinga umebaki na jina la meli yake, waliouvuta hawakuandikwa.

Mahali pa pili ni mjini, nje ya ngome, penye sanamu za shaba za askari. Sanamu za namna hiyo ziliwekwa pia Nairobi na Dar es Salaam, zote zikiwa kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Ile ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927 pale palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawataja askari na wapagazi, na kuahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi ni ya jina, lakini majina yenyewe hayamo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

4.0 Neno kama kumbukumbu

Palipokosekana jina la mtu, lugha ilihifadhi jina la mahali. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Katika Kariakoo, maneno mawili yameungana kuwa moja, na irabu ndefu ya mwisho imefuata matamshi ya Kiingereza, si tahajia yake. Ni ushahidi kwamba jina lilipokewa kwa sikio, na watu ambao hawakulisoma popote.

Kibera nako kunatokana na neno la Kinubi, lugha ya wazao wa askari wa Kisudani waliopewa kukaa hapo. Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu: vyote viwili vina mizizi katika Kiarabu cha kambi za karne ya 19. Mzee wa Kibera na kijana wa Gumbo wanaweza kutambuana kwa maneno kabla hawajaulizana ukoo.

5.0 Hitimisho

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na sasa inahitaji walimu na vitabu vya Kiswahili. Kukifundisha kama lugha ya soko pekee ni kukata nusu ya historia yake. Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, watafiti wa Juba, Bombo na Kibera wakusanye kwa pamoja majina ya askari na wapagazi kutoka kwa familia, wazee wangali hai. Pili, kumbukumbu yoyote itakayojengwa kandokando ya Nile iandikwe kwa lugha za wenyeji pamoja na Kiswahili, na itangulize majina kabla ya sifa. Shaba huonyesha kwamba mtu alikuwapo. Jina ndilo humwambia mjukuu kwamba mtu huyo alikuwa wake.