Uchumi wa Kidijitali: Mpango wa Taifa Unavyomgusa Mkazi wa Wadi

Samaki wakishapimwa ufuoni, malipo mengi siku hizi hupitia kwenye simu. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi mjini Malindi, kwa mwendesha bodaboda wa Mtwapa, na kwa nyumba ya wageni ya Watamu inayompokea mtalii aliyelipia chumba akiwa bado Ulaya. Huo ndio uchumi wa kidijitali: kununua, kuuza, kulipa, kujifunza na kupata huduma kwa njia ya simu, kompyuta na intaneti.

Pwani ina nafasi ya pekee katika historia hii. Miaka miwili baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilipitishwa chini ya bahari hadi Mombasa. Kabla ya hapo, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Lakini intaneti kufika ufuoni ni jambo moja, na kumfikia mkazi wa Bamba au Marafa ni jambo jingine.

Mpango unasema nini?

Mwaka 2019 serikali ya kitaifa ilitoa mwongozo wa uchumi wa kidijitali wenye nguzo tano: serikali ya kidijitali, biashara ya kidijitali, miundombinu, ubunifu unaozaa biashara, na ujuzi pamoja na maadili ya kidijitali. Mwaka 2022 ulifuata Mpango Mkuu wa Kidijitali wa Kitaifa wa miaka 10, hadi 2032. Mpango huo unalenga kutandaza kilomita 100,000 za nyaya za faiba, kuweka vituo 25,000 vya intaneti ya umma, na kufungua vituo 1,450 vya kidijitali vijijini, yaani kimoja kwa kila wadi nchini.

Kilifi ina wadi 35. Kwa hesabu hiyo, lengo likitimia, kila wadi kuanzia Rabai na Kaloleni hadi Magarini itakuwa na mahali ambapo kijana anaweza kujifunza kompyuta, kutafuta kazi za mtandaoni, au kumsaidia mzazi wake kuomba cheti.

Nani ana jukumu gani?

Wakazi wengi huuliza kwa nini kaunti isijenge minara ya simu. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mawasiliano ya simu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Halmashauri ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni za simu na kusimamia hazina maalumu ya kufikisha mawasiliano katika maeneo ambayo kampuni haziyaoni kuwa na faida.

Kaunti nayo ina masoko, leseni za biashara, zahanati na vyuo vya ufundi vya vijiji. Kwa hiyo soko lenye umeme wa uhakika, chuo cha ufundi kinachofundisha kompyuta, na njia rahisi ya kulipia leseni ni mambo ambayo mkazi ana haki ya kuyadai moja kwa moja kwa kaunti.

Hatari ya kuachwa nyuma

Maelfu ya huduma za serikali ya kitaifa yamewekwa kwenye eCitizen, zikiwemo pasipoti, leseni ya udereva na usajili wa jina la biashara. Aliye na simu nzuri huepuka safari na foleni. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Asiyejua kutumia mtandao hulazimika kumlipa mtu wa saiba amfanyie, na mara nyingi humwachia kitambulisho na namba zake za siri. Huduma iliyokusudiwa kumpunguzia gharama inaweza kumwongezea, na kumfungulia mlango mwizi.

Ndiyo maana nguzo ya ujuzi haiwezi kutenganishwa na nyingine. Faiba bila mafunzo itawanufaisha wale wale waliokuwa mbele tangu mwanzo.

Mkazi afanye nini?

Kwanza, alinde siri zake. Namba ya siri ya simu au ya eCitizen haipewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa afisa. Asiyeweza kujihudumia anaweza kwenda Kituo cha Huduma, ambako wahudumu ni wa serikali.

Pili, ajue haki zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 nayo inamwadhibu anayeiba au kulaghai kwa kutumia kompyuta.

Tatu, ahudhurie vikao vya kutoa maoni. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo ndipo wadi husema kama inataka kompyuta katika chuo chake cha ufundi, umeme sokoni, au mafunzo kwa vikundi vya wavuvi na kina mama. Hoja isiyotajwa katika vikao hivyo ni vigumu kuingia katika bajeti, hata iwe ya haki namna gani.