Mchambuzi wa Data za Watumishi

Huko Moshi neno "kuchambua" halihitaji ufafanuzi: kahawa ikishakobolewa, buni mbovu hutengwa na njema. Ndiyo maana kwa kazi hii mpya ya idara za utumishi twapendelea "mchambuzi wa data" kuliko "mtakwimu". Mtakwimu hukokotoa, mchambuzi huanza kwa kutenga. Hulinganisha ikama, yaani nafasi zilizoidhinishwa, na tange, yaani orodha ya watumishi kwa vyeo na ukuu kazini, kisha orodha ya mishahara. Jina linalolipwa bila mtu kazini ndilo "mtumishi hewa". Uhakiki wa mwaka 2016 uliibua zaidi ya 10,000 nchini. Lakini ufupisho "mchambuzi wa watumishi" tunaukataa: zinazochambuliwa ni kumbukumbu zao.