Maji Yanapotoka Kidogo Bombani: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Koki yafunguliwa, nayo maji yatoka membamba kama uzi. Ndoo ya lita 20 iliyokuwa ikijaa kwa dakika 2 sasa yachukua dakika 8. Aghalabu mwenye nyumba huamua papo hapo kwamba tangi liinuliwe juu zaidi, au inunuliwe pampu. Maamuzi hayo yote mawili ni ya gharama, na yote mawili yaweza kuwa dawa isiyohusu ugonjwa wenyewe. Makala haya yanaeleza fizikia ya jambo hili, na yanaonyesha jinsi mwanafunzi wa sekondari awezavyo kutafuta chanzo chake kwa kutumia ndoo, saa na kipande cha mpira wa maji.

Kimo ndicho kisukumacho

Kanieneo ni kiasi cha kani inayokandamiza juu ya kila kizio cha eneo. Katika maji yaliyotulia, kanieneo hutegemea kimo cha maji yaliyo juu ya mahali tunapopima; haitegemei upana wa chombo. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 na tangi la lita 500, ikiwa uso wa maji yake uko kwenye kimo kimoja, hutoa kanieneo ileile katika koki. Kila mita moja ya kimo huleta kilopaskali 9.8. Mita 10 huleta kilopaskali 98, yaani karibu sawa na kanieneo ya angahewa penye usawa wa bahari. Kizio hiki cha paskali kimepewa jina la Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662), aliyechunguza tabia ya vimiminika.

Miji mingi hutumia kanuni hii. Mathalani, mtambo wa Ruvu Chini, ulioanza kazi mwaka 1976, husukuma maji hadi kwenye matangi yaliyo juu ya kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahali paitwapo Mlimani. Kutoka huko maji huteremka yenyewe kwenda mitaani. Nyumba iliyo bondeni hupata kanieneo kubwa. Nyumba iliyo karibu na kimo cha tangi hupata ndogo, hata kama mabomba yake ni mapya kabisa.

Ndivyo ilivyo pia ndani ya nyumba. Ikiwa uso wa maji katika tangi uko mita 3 juu ya sakafu, na bomba la mvua bafuni liko mita 2 juu ya sakafu hiyo, kinachosukuma maji ni mita 1 tu, yaani kilopaskali 9.8. Hapo hakuna kilichoziba. Kimo ndicho kilichopungua.

Hasara ya njiani

Maji yanapoanza kutembea, jambo la pili huingia, nalo ni msuguano. Sehemu ya kanieneo hupotea njiani kwa sababu maji husuguana na kuta za bomba, tena hupinda katika kila kiwiko na kupenya katika kila valvu. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeupatia mji wa Dijon maji ya bomba mwaka 1840, alichapisha mwaka 1857 majaribio yaliyoonyesha kwamba hali ya uso wa ndani wa bomba huathiri sana upotevu huo. Bomba lililoparara kwa kutu hupoteza zaidi kuliko bomba jipya laini.

Yafaa tutazame hesabu mbili. Katika mabomba ya nyumbani, wingi wa maji yanayopita kwa dakika hukua takriban kama kipeuo cha pili cha kimo. Kwa hiyo mtu anayeongeza kimo cha maji juu ya koki kutoka mita 3 hadi mita 6 hapati maji mara mbili, bali kama mara 1.4 tu. Kipenyo nacho kina nguvu kubwa zaidi. Kipenyo cha ndani kikipungua kwa nusu, kimo kikiwa kilekile, maji hupungua hadi kama sehemu moja ya sita. Kutu katika bomba la chuma kuukuu huweza kuleta hasara ya namna hiyo polepole, bila mtu kutambua mpaka siku ndoo inapokataa kujaa.

Maswali matatu ya kwanza

Kabla ya kushika kifaa chochote, tujiulize hivi.

La kwanza: je, ni koki moja au ni zote? Ikiwa ni moja, tatizo liko hapohapo. Tufungue kichujio kidogo kilichoko mdomoni mwa koki, tukioshe mchanga na chokaa, kisha tutazame kama raba ya ndani imevimba au imekatika.

La pili: ni wakati wote au saa fulani tu? Maji yakipungua asubuhi na jioni, kisha yakarudi usiku wa manane, huenda watumiaji wa mtaa mzima wanagawana maji ya bomba moja. Jirani akisema kwake ni vilevile, tusibomoe ukuta wetu.

La tatu: je, maji yanavuja? Tufunge koki zote, pamoja na ile inayojaza tangi, kisha tutazame mita ya maji. Mshale ukiendelea kuzunguka, maji yanapotea mahali fulani baina ya mita na nyumba.

Jaribio la mpira

Ikiwa nyumba inapata maji kutoka kwenye tangi lake, chukua mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye urefu unaozidi kimo cha tangi. Ufunge imara kwenye koki iliyo mbali na tangi, uinue upande wa pili, kisha ufungue koki hiyo. Koki nyingine zote ziwe zimefungwa. Maji yatapanda ndani ya mpira na kusimama. Tuseme yamesimama mita 4 juu ya koki, sawasawa na uso wa maji tangini.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona mita 4 kamili wakasema bomba ni zima. La hasha! Maji yaliyotulia hayana msuguano. Kwa hiyo hata bomba lililobakiwa na tundu dogo kama la sindano litaonyesha mita 4 zilezile, alimradi halikuziba kabisa. Ili kizuizi kijitokeze, hatuna budi kuyafanya maji yatembee.

Basi fungua koki nyingine ya mwisho katika bomba hilohilo, huku ukitazama mpira. Maji yakishuka kidogo, hilo ni jambo la kawaida. Yakishuka kutoka mita 4 hadi mita 1, basi mita 3 zinaliwa njiani. Sasa iache wazi ile koki ya mwisho, uhamishe mpira kwenye koki iliyo karibu zaidi na tangi, ukipima daima kutoka kimo kilekile. Ikiwa huko maji yanasimama kwenye mita 3.5, kizuizi kiko kati ya koki hizo mbili. Huenda ni valvu iliyofunguliwa nusu, huenda ni kipande cha bomba lenye kutu. Fundi atafungua hapo tu, wala si nyumba nzima.

Lakini maji yakisimama chini tangu mwanzo, koki zote zikiwa zimefungwa, kasoro ni kimo. Hapo ndipo kuinua tangi kunapofaa.

Hatari ya pampu

Wako wanaounga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Jambo hili ni la hatari kwa watu wengi kuliko mwenye pampu. Pampu inaponyonya, kanieneo ndani ya bomba la mtaa huweza kushuka chini ya ile ya angahewa. Palipo na ufa, maji hayatoki tena nje. Badala yake maji machafu ya ardhini, pengine ya mtaro au ya choo, huvutwa ndani. Kipindupindu na homa ya matumbo huweza kusafiri kwa njia hiyo hadi jikoni. Utaratibu ulio salama ni kuyaacha maji ya mtaa yajaze tangi la chini yenyewe, kwa valvu ya boya, kisha pampu inyonye kutoka tangi hilo.

Kazi ya darasa

Shule yenye tangi na koki kadhaa ina maabara tayari. Wanafunzi wapime kimo kutoka uso wa maji hadi kila koki, wahesabu lita kwa dakika kwa ndoo na saa, kisha wachore grafu ya mtiririko dhidi ya kipeuo cha pili cha kimo. Koki ambayo nukta yake itaanguka mbali chini ya nyingine ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.