Mchezaji Hodari Mwenye Hasira

Vijana wa Idjwi, mwajua: mpiga kasia mwenye nguvu huufikisha mtumbwi upesi, lakini akisimama kwa hasira katikati ya ziwa, wote huingia majini. Ndivyo ilivyo hata katika mpira wa kikapu. Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, alikuwa mmoja wa nguzo za Toronto Raptors huko Kanada. Mwezi wa Machi 2019 alipigana na mpinzani uwanjani, akafungiwa michezo 3. Mzigo wake ukawaangukia wenzake. Hawakumtupa, naye akarudi kuwatumikia. Mwezi wa Juni wakatwaa ubingwa, wa kwanza katika historia ya timu yao. Kipaji ni zawadi ya Mungu. Kujitawala ni kazi yetu ya kila siku. Mwenzenu aliye mkali msimfukuze: mwonyeni kindugu.